Kibanio cha Nguo na Rimoti Mbili

Jumapili, 11 Mei

Daftari la chama chetu cha kuokoa watoto wa paa kabla nyasi hazijakatwa lina safu ya tarehe, saa, betri, upepo na idadi ya watoto wa paa waliopatikana. Halina mahali pa kuandika kwamba baba mkwe wangu ni mkaidi kuliko punda. Kwa hiyo nimejinunulia daftari langu, na humu nitaandika nitakavyo mpaka shamba la mwisho la nyasi hapa Hinterried likatwe.

Leo baada ya misa tumefungua sanduku la droni mpya juu ya meza ya jikoni. Ina kamera inayoona joto, na ina rimoti mbili. Moja ni ya rubani, ambaye huirusha na haruhusiwi kuiondolea macho angani. Ya pili ni ya mtu wa kamera, ambaye hukaa na skrini akitafuta madoa ya joto kwenye nyasi. Mwenyekiti wetu, Irmtraud, alikuwa mwalimu wa hesabu na mpaka leo anatutazama kama tumesahau kazi ya nyumbani. Ameamua kwamba rubani ni Baba Alban, na kamera ni mimi.

Baba ana miaka sabini na sita. Amerusha ndege ndogo za mfano tangu ujana wake, na vikombe vyake vya ushindi vilijaza kabati la sebuleni hadi sahani za marehemu mke wake, Mama Ottilie, zikahamia ghalani. Ni miaka miwili tangu Mama atutoke, na katika miaka hiyo sikumwona Baba akikaa mezani na uso wa furaha kama wa leo.

"Bonyeza kitufe cha droni mpaka taa iwake, halafu cha rimoti," nilimsomea maelekezo.

"Nilikuwa naunganisha redio na ndege kabla hujazaliwa."

"Haya, unganisha."

"Hebu nisomee tena."

Tukaunganisha. Rimoti inayowashwa kwanza ndiyo inayoshika usukani, na ya pili inapewa kamera. Mimi sikulijua hilo, nikawasha yangu kwanza. Baba akatoka na droni uani, akasukuma vijiti vya rimoti yake, droni ikabaki chini palepale, ila kamera ikainua uso ikamtazama. Akasukuma tena, kamera ikatikisa kichwa. Gebhard, mume wangu, alicheka hadi akaketi juu ya ndoo ya maziwa.

Jumatatu, 12 Mei

Ugomvi wa vijiti. Tuliofundishwa siku hizi tunaipandisha droni kwa kijiti cha kushoto, na cha kulia kinaipeleka mbele. Wazee wa klabu ya ndege za mfano hupandisha kwa kulia. Maana yake, ukisukuma kwa kidole gumba kilekile cha kulia, Baba anakwenda juu mawinguni na mimi nakwenda mbele mpaka ukutani.

Irmtraud alitaka wote tutumie kushoto.

"Mwenyekiti," Baba akamwambia, "wewe kesho amka uanze kuandika kwa mkono mwingine, ukiweza nami nitaweza."

Mwishowe kila rimoti imepangwa kivyake: yake kulia, yangu kushoto. Lakini zinafanana kama mapacha, na saa kumi alfajiri, tunapoanza kazi, hakuna anayeona vizuri. Baba akaenda ghalani, akarudi na kibanio cha nguo cha mbao chenye namba 67 kwa wino mwekundu. Zamani, anasema, uwanjani kwao palikuwa na ubao wa vibanio, kila kibanio na mkondo wake wa redio. Hukuruhusiwa kuwasha redio yako kabla hujakichukua kibanio cha mkondo wako, kwa sababu wawili wakiwasha mkondo mmoja, ndege inaanguka. Watu walikiheshimu kibanio kuliko walivyomheshimu padri.

"Penye kibanio ni pangu," alisema, akakibana kwenye rimoti yake.

Jumanne, 13 Mei

Somo la antena. Nilikuwa nazielekeza kwenye droni kama ninavyomnyooshea mtu kidole. Baba akanishika mkono taratibu akazigeuza. Ubavu wa antena ndio unaosikia, ncha yake ni kiziwi. Halafu tukatafuta mkondo wenye utulivu, maana mnara wa simu ulioko nyuma ya kanisa unapiga kelele kwenye mikondo ya juu. Nina diploma ya maabara ya jibini na sikujua lolote kati ya hayo.

Alhamisi, 15 Mei

Siku ya Sofia Baridi, ya mwisho katika zile siku za watakatifu wa barafu, ambapo baridi hurudi kila Mei. Maharage ya jirani yameungua kwa umande ulioganda. Hakuna anayekata nyasi.

Jumamosi, 17 Mei

Wa kwanza.

Shamba la nyuma ya kinu, kwenye ukingo wa msitu. Baba alisimama ameinua uso, akaipeleka droni kwa mistari iliyonyooka, kwenda na kurudi. Mimi nilikaa kwenye kiti cha kukunja, kitambaa cheusi kichwani ili nione skrini. Nyasi huonekana kama majivu. Kisha pakatokea doa jeupe dogo, limejikunja.

"Simama hapo, Baba."

"Nimesimama."

Na kweli alisimama. Picha haikutikisika hata kidogo. Nikamwongoza Irmtraud kwa redio ya mkononi, hatua tatu mbele, moja kulia, mpaka akainama na glovu zake na fungu la nyasi, ili harufu ya mtu isimshike mtoto. Akamnyanyua, akamtia kwenye kreti kivulini. Mtoto wa paa wa wiki ya kwanza hajui kukimbia. Akisikia hatari hujilaza, akabana pumzi, na trekta inakuja. Mwaka juzi Gebhard alimpitia mmoja. Alizima trekta katikati ya shamba akarudi nyumbani kwa miguu, na hakula mpaka kesho yake.

Leo shamba limekatwa, kreti imefunguliwa, na kabla ya chakula cha mchana mama paa alikuja kumchukua mwanawe. Baba alitazama kwa darubini, kisha akasema amechoka, akaenda kulia chumbani kwake. Alidhani sikusikia.

Jumapili, 18 Mei

Mvua.

Jumatatu, 19 Mei

Mvua. Baba anang'arisha vikombe.

Jumanne, 20 Mei

Mvua. Veit, jirani yetu, amepita kuuliza mara mbili lini tutakagua shamba lake kubwa chini ya msitu, kama vile mvua imo mfukoni mwangu.

Alhamisi, 22 Mei

Mashamba mawili, watoto watatu. Sina raha.

Kwenye shamba la pili picha ilianza kuruka. Nikadhani ni upepo, lakini majani ya mipopla yalikuwa yametulia. Nikainua kitambaa, nikaangalia mikono ya Baba. Kidole gumba cha kulia kilikuwa kinatetemeka juu ya kijiti. Si sana. Alipoona nimemtazama akageuka akanipa mgongo.

Njiani kurudi, bila mimi kuuliza chochote, alisema, "Baridi tu hii."

"Ndiyo, Baba."

"Irmtraud akinitoa, Zenta, nitabaki mimi na vikombe."

Nilijifanya natazama barabara. Nampenda mzee huyu, na nimeanza kuogopa siku ambayo mkono huo utatukosesha doa moja, trekta ipite, na yeye abaki anajua ni mkono wake.

Ijumaa, 23 Mei

Manyunyu. Glovu zote zimelowa, nimezianika juu ya jiko.

Jumamosi, 24 Mei

Naandika kwa kirefu maana sitalala.

Saa kumi alfajiri tulikuwa kwenye bustani ya matunda ya Irmtraud, ambako shamba lake linaanzia. Giza bado. Baba akachukua rimoti yenye kibanio, akaiwasha kwanza kama kawaida, mimi nikawasha ya pili. Akabonyeza kitufe cha kuruka. Droni ikanyanyuka kimo cha kiuno ikasubiri. Akasukuma kijiti cha kulia aipandishe juu.

Haikupanda. Ilikwenda mbele moja kwa moja, ikaingia katikati ya mtufaha mkongwe na kukata matawi kwa kelele ambazo bado nazisikia, ikaanguka. Rafadha mbili, yale mapanga yanayozunguka, zimevunjika. Irmtraud alikimbia na tochi, akaimulika droni, kisha akaimulika mikono ya Baba. Ilikuwa inatetemeka kweli, ya nani isingetetemeka?

"Alban," alisema, na sauti yake haikuwa ya ukali, jambo lililokuwa baya zaidi. "Nimeona tangu Alhamisi. Tusije tukampoteza mtoto wa paa kwa ajili ya heshima. Pumzika."

Baba hakujitetea. Alitazama rimoti, akatazama mti, akanipa rimoti mkononi, akaenda kukaa ndani ya gari. Irmtraud na Gebhard na wanawake wawili wa kwaya wakalipita shamba zima kwa miguu wakishikana mikono, wakitafuta watoto wa paa.

Jioni nilichomeka rimoti kwenye chaja. Ile yenye kibanio nikaifungua nione mpangilio wake. Kijiti cha kupanda: kushoto.

Ni yangu. Kibanio kilikuwa kwenye rimoti yangu. Na ni nani aliyekiweka? Ijumaa, glovu ya mwisho ilikuwa inateleza kwenye kamba juu ya jiko, nikatafuta kibanio, nikakiona hicho mbele yangu, nikakitumia. Kibanio cha nguo si ni kibanio cha nguo. Saa tisa usiku, macho nusu, nikakirudisha kwenye rimoti iliyokuwa karibu na mkono.

Baba hakukosea kitu. Alisukuma kijiti chake sawasawa.

Jumapili, 25 Mei

Rafadha za akiba zimefungwa, droni inaruka. Irmtraud anarusha, mimi kamera. Sijasema.

Jumatatu, 26 Mei

Mtoto mmoja kwenye shamba la shule. Sijasema.

Baba aliamka saa moja asubuhi. Kwa miaka kumi na tisa niliyoishi katika nyumba hii sijawahi kumkuta kitandani jua likiwa limetoka.

Jumanne, 27 Mei

Niandike ukweli, maana daftari hili ni langu na hakuna wa kunikaripia. Mwanzoni nilinyamaza kwa aibu. Lakini jana, nikiwa chini ya kitambaa, nilijikamata nikiwaza: acha iwe hivi. Amesimamishwa, mkono wake hautakosesha kitu, na mimi sikulazimika kumwambia. Mti umenifanyia kazi yangu. Nilipoona nimewaza hivyo nikajichukia.

Jumatano, 28 Mei

Nimemwambia Gebhard wakati wa kukamua. Alinisikiliza mpaka ng'ombe watatu wakaisha.

"Umwambie wewe," alisema. "Mimi mwanawe nitalivuruga, tutaishia kugombana habari ya trekta."

"Atanichukia."

"Wewe? Wewe ndiye unayempikia tambi za jibini. Labda atakuchukia mpaka Jumapili."

Alhamisi, 29 Mei

Siku ya Kupaa Bwana, ambayo kwetu ni siku ya akina baba pia. Wanaume wa kijiji walipita na kigari chao cha bia wakiimba, wakamwita Baba atoke, akawapungia mkono dirishani tu.

Nilipika tambi za mayai na jibini, nikamwaga vitunguu vya kukaanga juu yake, vingi. Gebhard akakumbuka ghafla kwamba kuna uzio wa kutazama. Tukabaki wawili.

"Baba, haikuwa wewe siku ile. Nilikichukua kibanio. Nikakirudisha kwenye rimoti yangu."

Aliweka uma chini. "Ulikichukua cha nini?"

"Kuanikia glovu."

Mabega yake yakaanza kucheza, nikashtuka nikidhani analia, kumbe anacheka.

"Ottilie alikianikia soksi," alisema. "Mwaka wa themanini na tatu, siku ya mashindano ya mkoa. Nikafika uwanjani bila kibanio, wakanikatalia kuwasha redio. Nilikaa siku nzima kwenye majani natazama wengine. Nyinyi wanawake wa nyumba hii." Akapangusa macho. "Na mimi nilikuwa nimeshaanza kusadiki. Usiku nilikuwa nasukuma kidole hewani nione kama kimesahau njia."

Hilo la kusukuma kidole hewani likanichoma. Nikamwomba msamaha, akasema yameisha, akaokota uma. Kisha akaurudisha mezani.

"Lakini ni siku tano, Zenta. Kosa lenyewe ni la dakika moja. Siku tano za nini?"

Ningeweza kusema aibu, na ingekuwa nusu ya ukweli.

"Za mikono yako, Baba. Nimeona inavyotetemeka. Nikaona heri iwe imeisha hivyo, nisilazimike kukuambia mimi."

Alikunja kitambaa chake cha kupangusia mdomo mara nne, akasimama, akaenda chumbani. Sahani yake ilibaki nusu.

Jioni nimekwenda kwa Irmtraud nikamweleza yote. Alivua miwani akaisafisha muda mrefu. Akasema nilistahili kusimama kona ya darasa, kisha akasema Baba arudi kwenye usukani kesho akitaka, na kwamba ataomba radhi yeye mwenyewe. Alikwenda usiku huohuo na keki.

Ijumaa, 30 Mei

Mvua. Baba kala keki. Hajasema nami.

Jumamosi, 31 Mei

Mvua. "Chumvi," aliniambia mezani. Nikampa chumvi.

Jumapili, 1 Juni

Mvua imekatika mchana. Redio inasema kesho asubuhi kukavu, alasiri radi, kisha wiki nzima ya maji. Kijiji kizima kitakata kesho. Veit alikuja amevaa suruali ya kanisani.

"Hekta kumi na moja," alisema. "Naanza saa kumi na mbili, mkiwa mmemaliza au hamjamaliza. Nyasi zimeshaanza kulala chini. Na nani anarusha?"

"Mimi," Baba alisema akiwa mlangoni.

Veit alinitazama mimi. Nikatazama ukuta.

Jumatatu, 2 Juni

Tulifika shamba la Veit nyota zikiwa bado zinaonekana. Ni shamba refu linaloteremka, upande wa juu umepakana na msitu. Gebhard na Irmtraud walisimama na makreti. Veit alikuwa ndani ya trekta chini barabarani, taa zimewaka, anakunywa kahawa ya kwenye chupa.

Baba alizitazama rimoti zote mbili, akafungua mpangilio wa kila moja akasoma mwenyewe, kisha akaibana yake. Hakusema nami neno zaidi ya "tayari" na "inaruka".

Nusu ya chini ilikwenda vizuri. Alirusha kama zamani, mistari imenyooka, na kufikia saa kumi na moja tulikuwa na watoto wawili ndani ya makreti. Tukabadilisha betri, tukaanza upande wa msitu. Hapo picha ikaanza kuruka. Niliona doa jeupe, likatoka nje ya skrini, likarudi, likatoka.

"Nishikilie hapo, Baba."

"Nimeshikilia."

Hakuwa ameshikilia. Droni ilikuwa ikijongea kidogo huku na huku, na kila ikijongea mimi nilipoteza mahali. Nyuma ya mlima anga lilikuwa linapauka. Jua likishatoka, kila jiwe na kila kichuguu cha fuko hupata joto, na skrini hujaa madoa hata mtu hajui paa ni yupi. Nilimsikia Baba akipumua kwa pua. Sikuthubutu kuinua kitambaa. Siku ya Alhamisi nilisema, na nilikuwa nimeona malipo yake.

"Zenta," alisema baadaye. "Unaona kitu?"

"Naona, halafu sioni."

"Ni upepo?"

Ilikuwa shwari kabisa. Yeye alijua, mimi nilijua.

"Si upepo, Baba."

Chini barabarani Veit aliwasha injini.

"Haya, chukua," Baba alisema.

"Baba, tunaweza kupumzika kidogo tu, uweke mikono mfukoni ipate..."

"Kidole chako kiko wapi?"

"Kwenye kijiti cha kushoto."

"Basi chukua, mwanangu, jua linatoka."

Kila rimoti ina kitufe cha kukabidhi usukani. Alikibonyeza chake. Yangu ikalia mara mbili, na droni ikawa yangu, mita hamsini juu ya nyasi za Veit. Nilitoa kitambaa kichwani nikainua macho. Baba alikaa kwenye kiti changu, akajifunika kitambaa changu, akaiweka rimoti yake juu ya magoti mawili ili itulie. Kamera huzungushwa kwa gurudumu dogo, kwa kidole kimoja, polepole. Haihitaji mkono mwepesi. Inahitaji mtu anayeweza kukaa siku nzima kwenye majani akitazama wengine.

"Rudi nyuma," sauti yake ilitoka chini ya kitambaa. "Kushoto. Umepita. Rudi. Umepita tena, unarusha kama mtu anayefukuza kuku."

"Nimezoea kukaa hapo ulipo."

"Naona. Simama. Hapo. Usipumue."

Akawaongoza Gebhard na Irmtraud kwa redio, wakampata mtoto. Nikataka kuendelea na mstari.

"Nimesema usimame," alisema. "Hawa huzaliwa wawili."

"Sijaona mwingine, Baba."

"Kwani nani anatazama?"

Akazungusha kamera kwa utulivu ulionitia wazimu. Mwanga ulikuwa umefika kwenye vilele vya misonobari. Veit alipiga honi. Baba akazungusha tena, akarudi palepale alipopita, akakaa hapo.

"Karibu na ua wa waya. Hatua kumi kutoka kwa mwenzake. Amejificha chini ya majani makubwa, linaonekana sikio tu."

Mimi ningepita. Naandika hili nikilijua vizuri. Kwa macho yangu ile ilikuwa kichuguu cha fuko, na ningesema shamba safi, na Veit angeingia.

Gebhard alimtoa mtoto huyo kwa mikono yake mwenyewe. Alikuja naye hadi tulipokuwa, amembeba na fungu la nyasi kifuani, akamwonyesha baba yake, kisha akampeleka kwenye kreti. Gebhard si mtu wa maneno, lakini nilimwona akijifuta uso kwa bega.

Saa kumi na mbili na dakika tano Veit alianza kukata. Niliishusha droni mwenyewe. Baba hakuinuka kitini. Nikaketi kwenye nyasi karibu naye, tukatazama trekta ikipanda na kushuka.

"Nilitaka niache mwenyewe," alisema. "Si kuachishwa na mti."

"Wala na mimi."

"Wala na wewe. Ungeniambia siku ileile. Ottilie angeniambia kabla sijatoka kitandani."

"Niliogopa, Baba."

"Sasa usiniogope tena. Sina muda wa kuogopwa."

Kidole chake kilikuwa bado kinatetemeka juu ya goti. Nikaushika mkono wake wote nikaufunika kwa wangu. Katika miaka kumi na tisa tumepeana mikono Krismasi na Pasaka tu. Hakuuondoa. Tulikaa hivyo mpaka Veit akamaliza upande wa msitu, na mama paa akatokeza kichwa kati ya miti akiita.

Radi ilifika saa nane, nyasi za Veit zikiwa tayari zimefunikwa. Nimeandika daftari la chama, watoto wanne, betri nne, upepo hakuna. Kesho, mvua ikikawia, tunakagua shamba letu wenyewe. Baba amekwisha kulala. Alipopita jikoni aliniagiza niamke mapema nifanye mazoezi ya kusimama hewani, kwa kuwa yeye mtu wa kamera hawezi kufanya kazi na rubani anayeyumba.